Meno ya Kwanza ya Wifi

Wifi yangu anatengeneza meno ya bandia, na tangu nilipoolewa na kaka yake sijawahi kumshinda kwa maneno hata siku moja. Tunafanya kazi kliniki moja. Mimi niko pale mbele: nawapokea wagonjwa, naandika miadi, najibu simu, nawatuliza wanaoanza kulia kabla hawajaguswa. Yeye yuko chumba cha nyuma na plasta yake, nta yake, kitaa chake cha spiriti, na redio ambayo ole wako uiguse. Mtu anaingia kibogoyo, anatoka anacheka. Kazi yake anaijua, hilo sibishi. Ningependa kusema anaijua kwa unyenyekevu, lakini huo utakuwa uongo wa mchana kweupe.

"Wewe wifi," huniambia, "kazi yako ni kuwaambia watu wakae. Hata kiti chenyewe kinawaambia."

"Na wewe," namjibu, "unawapa watu meno ili wapate ya kukusengenyea."

Ndivyo tunavyopendana.

Basi asubuhi moja, kabla hatujafungua milango, daktari alituita sote wawili. Daktari ndiye mwenye kliniki, mtu mpole, ambaye akitaka kusema neno zito huvua miwani kwanza ili asikuone vizuri. Siku hiyo aliivua akaitia mfukoni kabisa. Nikajua leo kuna jambo.

"Nimenunua mashine," alisema.

Akatueleza. Hakuna tena kumjaza mgonjwa uji wa plasta mdomoni hadi atapike. Unaingiza kamera ndogo, unaizungusha, picha ya fizi zake inatokea kwenye kompyuta. Fundi anakaa mbele ya kioo, anayapanga meno pale pale kwenye picha, akimaliza anabonyeza, na mashine nyingine iliyo ndani ya sanduku la kioo inayachonga.

"Mwisho wa mwezi ujao chumba cha plasta nakifunga," daktari akaendelea, akimtazama wifi bila kumwona. "Siku hiyo utatengeneza seti nzima, juu na chini, kwa mashine peke yake, mwanzo hadi mwisho, na mwalimu wa mashine atakuwa anaangalia. Ukiweza, mashine ni yako. Usipoweza, picha nitakuwa nazituma karakana kubwa, meno yatarudi yakiwa tayari. Fundi asiye na kazi sitaweza kumweka. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyo."

Wifi akamwuliza, "Hiyo mashine ina mikono?"

"Haina."

"Basi," akasema wifi, akarudi kwake na kufungulia redio.

Nanyi msione hivyo mkadhani hakuguswa. Wifi hana mume. Alikuwa naye, akamrudisha kwao, anasema kwa sababu ya kukoroma. Watoto wameshaondoka. Kile chumba cha nyuma ndiyo nyumba yake, kule anakolala ni kulala tu. Ukimtoa pale umemtoa duniani. Mimi nilijua, kaka yake alijua, na mama yao ambaye ndiye mama mkwe wangu alijua zaidi yetu sote.

Sasa niseme ukweli: nilifurahi kidogo. Kidogo tu, sikutia chumvi. Kwa sababu mimi mashine zimenizika mara tatu, na kila mara wifi alikuja mazikoni akicheka. Nilianza kazi nikiwa binti, kwenye simu zile za kuchomeka nyaya. Unaomba ofisi fulani, nachomeka, mnaongea, nami nasikiliza kidogo nipate habari za mji. Nikawa bingwa. Wakaja wakaubeba ule ubao wote wa kuchomekea na nyaya zake, wakaniambia asante. Nikajifunza taipu. Nikawa bingwa, nikipiga hata wanaume wananyamaza. Wakaja na kompyuta. Nikajifunza kompyuta, ndipo wakaleta kompyuta nyingine ambayo kila kitu kimehamishwa mahali pake kama nyumba iliyopangwa upya na mke wa pili. Na kila mara wifi alikuwa akiniuliza mezani, mbele ya watu, "Haya wifi, safari hii umekuwa nani?"

Sasa na ajibu yeye.

Mwalimu wa mashine alikuwa binti mmoja mwenye suruali na sauti laini, umri wa kifungua mimba wangu. Siku ya kwanza tu wifi akambatiza jina: Mtoto wa Juzi. Si mbele yake, lakini pembeni kidogo ya mbele yake.

Nilikuwepo. Nilijifanya nimepeleka faili. Yule binti alimwekea wifi meno kwenye kioo, akamwonyesha namna ya kulishika jino kwa kidole na kulisogeza. Wifi akasogeza jino la mbele, likaenda. Kisha akainama, akakipuliza kioo. Fuuu.

Binti akashtuka. "Mama, kuna vumbi?"

Hakukuwa na vumbi. Mafundi wa nta wote hupuliza. Unadondosha tone, unapuliza ligande, ndipo unaendelea. Amepuliza maisha yake yote, hata chai ya baridi anaipuliza. "Ndiyo," akasema wifi bila kupepesa. "Vumbi."

Akaendelea. Akasogeza jino jingine, akaliona limekaa, na bila kufikiri akalipitishia kidole gumba kulilainisha, kama anavyolainisha fizi za nta. Kumbe kile kioo ukikipangusa kwa kidole gumba unasukuma picha nzima. Taya likaondoka. Fyuu, likapotelea ukingoni, pakabaki peupe.

"Taya limekwenda wapi?" nikauliza mimi, kwa nia mbaya.

"Wewe huna simu za kujibu?" akanikaripia.

Kuuliza si ujinga, tunasema. Kwa wifi kuuliza ni kufa. Wiki nzima yule binti alikuwa akimwambia, "Mama, nikuonyeshe?" naye akijibu, "Nimeona." Hakuwa ameona kitu. Akibaki peke yake nilikuwa nikimsikia akiitukana ile kompyuta kwa lugha ambayo hata kondoo angeona haya. Nyumbani, mume wangu aliniambia nimsaidie dada yake. Nikamwambia, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na dada yako mgongo wake haupindi.

Halafu, ghafla, mambo yakabadilika.

Binti alikuwa anakuja siku mbili kwa wiki. Siku moja alifika, akafungua kompyuta, akaita, "Daktari, njoo uone!" Tukaenda. Jamani, kwenye kioo kulikuwa na seti ya meno ya juu, na yalikuwa meno hasa. Si yale ya kupangwa mstari kama funguo za kinanda. Moja limelalia jirani yake kidogo, mengine yamelika nchani namna meno ya mtu mzima yanavyolika. Binti alisema katika wanafunzi wake wote hajaona mtu aliyeshika haraka hivyo. Daktari alimpa wifi mkono. Wiki iliyofuata seti nyingine, nzuri kuliko ya kwanza. Wifi akaanza kutembea kama bibi harusi.

Mimi nikajisemea, hapana. Hapa kuna kitu. Mtu aliyepuliza kioo juzi hawezi leo kuwa bingwa, na mimi nimekuwa mwanafunzi wa mashine mara tatu, najua kunavyouma na kunachukua muda gani.

Nilimfuma saa ya chakula cha mchana. Nilikwenda stoo kuchukua pamba, nikafungua mlango, nikakutana na harufu. Nta. Wifi alikuwa amejikunja kati ya maboksi ya glavu, kitaa cha spiriti kimewekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkononi ana taya la nta lililopangwa meno, tayari, zuri, linang'aa. Kando yake kile kisanduku cha kupigia picha vitu vidogo, kilichokuja pamoja na mashine.

Nikaelewa yote papo hapo. Alikuwa anatengeneza meno kwa mkono, kwa nta, kama zamani. Akimaliza anayaweka kwenye kisanduku, kinayapiga picha pande zote, picha inaingia kwenye kompyuta. Binti akija anakuta meno kwenye kioo, anadhani yamepangwa pale pale. Kazi ya zamani nzima, halafu juu yake kidogo cha kazi mpya. Alikuwa anafanya kazi mara mbili ili asionekane hajui kufanya mara moja.

"Funga mlango," akasema.

Nikaufunga. "Wifi, wewe mwizi."

"Nimeiba nini? Meno si yangu?"

"Na siku ya mtihani je? Daktari kasimama hapa, Mtoto wa Juzi pale, mgonjwa kakaa. Nta utaificha wapi, kwenye sidiria?"

Akaliangalia taya mkononi mwake. Nikajua hilo swali lilikuwa halimpi usingizi. Lakini mimi nikishawaka sizimiki upesi, nikaendelea. Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia binti wa watu anamfundisha kwa heshima zote naye anamfanya mjinga. Nikamwambia kama ni kufukuzwa afukuzwe kwa kutojua, asifukuzwe kwa kudanganya, maana mimi ndiye nitakayebaki pale mbele nikiulizwa na wagonjwa fundi yuko wapi.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado, napumua."

Na hapo wifi akafanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Akalia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalikuwa yanashuka tu, huku bado ameshika lile taya la nta lisianguke. "Ile mara ya kwanza," akasema, "walipokuondolea nyaya zako. Nilikucheka. Ilikuuma?"

"Iliniuma sana. Nililia chooni."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili unicheke zaidi?"

Akajifuta kwa mkono wa koti. "Wifi, mimi mikono yangu ndiyo inayojua. Kichwani hamna kitu. Nikishika nta, kidole kinaniambia hapa ongeza, hapa punguza. Nikishika kile kioo, hakiniambii chochote. Naona kama nimevalishwa glavu kumi. Na yule mtoto anasimama nyuma yangu."

Hasira zangu zote zikaisha, nikabaki na huruma, na huruma nayo ilinikera. Nikamwambia azime kitaa.

Tukakubaliana. Kila saa ya mchana, daktari akienda kula, nafunga mlango wa mbele na tunakaa kwenye mashine. Sijui kutengeneza meno, na hilo ndilo lililosaidia. Mbele yangu angeona aibu ya nini?

Nilikuwa na njia yangu moja, niliyoipata kwenye taipu. Nilipokuwa najifunza nilikuwa naogopa kukosea hadi vidole vinakakamaa, ndipo nikaamua siku nzima niandike upuuzi mtupu, herufi ovyo ovyo, hadi woga uishe. Nikamwambia wifi, "Leo hatutengenezi meno mazuri. Nataka meno mabaya kuliko yote uliyowahi kuona."

"Ya nini?"

"Ya punda."

Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Kisha akavuta jino la mbele, akalirefusha. Akalirefusha tena. Akavuta la pili yake. "Punda ana mwanya," akanung'unika, akaweka mwanya. Akaanza kucheka. Kufikia mwisho wa saa tulikuwa na punda kamili, na wifi alikuwa ameshabonyeza vitu ambavyo wiki zote zile hakuthubutu kuvigusa. Kesho yake tukatengeneza mamba. Siku iliyofuata akatengeneza ya mwenye nyumba wake, ambayo sitayaeleza kwa kuwa yule mzee bado yuko hai.

Siku ya mamba ndipo tulipokutana na kile kishale.

Alikuwa amechonga jino la pembeni, akalipunguza mno, likawa kijiti. Akakunja uso. "Limeharibika. Tuanze upya."

"Bonyeza hapo juu," nikamwambia. Kwenye pembe ya kioo kuna kishale kilichopinda kurudi nyuma. Kwenye kompyuta yangu kipo pia, nakitumia kutwa nzima, sikuwahi kufikiri kama ni kitu cha kumwambia mtu. Akabonyeza. Jino likarudi kama lilivyokuwa.

Wifi akaacha kutafuna. Tulikuwa tunakula karanga. Akabonyeza tena, likarudi nyuma zaidi. Tena. Mamba wote akarudi kuwa mtu.

"Inarudi?" akauliza.

"Inarudi."

"Yote?"

"Hadi ulipoanza."

Akaondoa mkono kwenye kioo. "Wifi, unajua mimi jino nikilisugua likapungua, limepungua. Hulirudishi. Meno yamekauka, mgonjwa yuko nje anasubiri, umekosea unywele mmoja, basi, seti nzima umetupa. Tangu nikiwa msichana. Kila nikiweka mkono, natetemeka huku ndani." Akagonga kifua. "Hakuna aliyewahi kujua, maana mkono wenyewe hautetemeki."

Siku ile ndiyo nilimwelewa wifi yangu. Ule ukali wote, lile la kutouliza, la kutokubali kukosolewa hata kwenye chumvi ya mboga. Alikuwa ametumikia kazi isiyosamehe. Nilitaka kumkumbatia, lakini hatuna tabia hiyo, nikamsogezea karanga.

Kuanzia hapo akaanza kujifunza kwelikweli. Sikusema vizuri, nimesema kwelikweli. Alikosea, akarudi, akakosea kwingine. Meno yake ya mashine yalikuwa ya kawaida, hayakuwa na uhai wa yale ya nta, na alilijua hilo, likawa linamtesa. Binti alipokuja akakuta kazi imeshuka, akashangaa. "Mama, zile za mwanzo zilikuwa bora."

Wifi angeweza kusema kioo kina vumbi. Akasema, "Zile za mwanzo zilikuwa za nta. Nilikudanganya. Hizi ndizo zangu za mashine."

Binti akavuta kiti, akakaa kando yake badala ya kusimama nyuma. Hakumwambia daktari. Sijui kwa nini, huenda naye alikuwa na mama yake.

Ikaja siku yenyewe. Alihitajika mgonjwa asiye na jino hata moja, na mama mkwe alikuwa ameshatangaza tangu mwanzo, "Nitakaa mimi. Mtoto wangu hawezi kuaibikia kwenye mdomo wa mtu baki." Meno aliyokuwa nayo alitengenezewa na wifi zamani, kwa nta na plasta, na aliyatumia kuwaringia wenzake. Ila fizi za uzeeni husinyaa, na sasa yalikuwa yanacheza, akicheka inabidi ayafuate.

Alifika amevaa nguo ya sherehe. Akakaa kwenye kiti, akatoa meno kwa kujificha nyuma ya mkoba, akatutazama mmoja mmoja kuhakikisha hakuna anayemtazama. Daktari alikaa kwenye kigoda pembeni. Binti alishika karatasi yake. Mimi nilisimama mlangoni na simu ikalia, nikaiacha ilie.

Wifi aliingiza kamera, akaizungusha taratibu. Fizi za mama zikatokea kwenye kioo, kubwa kama shamba. "Mungu wangu," akasema mama mkwe kwa mdomo mtupu, "ndo mimi huyo?"

"Ndo wewe mama. Nyamaza."

Akaanza kupanga. La kwanza, la pili. Alikuwa anaenda polepole, midomo ikisogea kama mtu anayesali. Alifika meno ya mbele, yakakaa vizuri, na mimi nikaona kidole gumba kinanyanyuka. Nikataka kupiga kelele. Kikashuka, kikapangusa kioo, na taya lote la juu likaruka nje pamoja na kazi yote.

Daktari akainamisha kichwa. Binti akafumba macho. Wifi alikaa akitazama pale peupe, na nikaona mgongo wake umekakamaa. Nilifikiri atainuka, atafungulia redio, na yatakuwa yamekwisha.

Akabonyeza kishale. Taya likarudi. Akapuliza kioo, akaendelea.

Yalipotoka kwenye lile sanduku yalikuwa ya moto kidogo na meupe. Wifi akayasafisha, akayang'arisha, akamvalisha mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Mama mkwe akauma. Akafungua, akafunga. Akasema "sisisi", akasema "fafafa", kama alivyozoea kuambiwa. Akachukua kioo cha mkononi, akajitazama kwa muda mrefu.

Daktari akamwuliza, "Mama, yanakaaje?"

Na sisi tuliofikiri mama ni mama tukapata jibu letu. "Yanakaa," akasema. "Lakini ya zamani yalikuwa mazuri zaidi. Haya hapa kushoto yananibana. Na nikisema sasa, yanapiga mluzi." Akasema "sasa", yakapiga mluzi.

Nilimkasirikia mama mkwe vibaya sana. Nilitaka kumwambia, mzazi gani wewe, hujui leo ni siku gani? Lakini alikuwa anajua. Alikuwa anamtazama binti yake usoni, macho makavu, kama anayengoja kuona amezaa mtu gani.

Daktari akavua miwani. "Fundi," akaanza, kwa upole ule wake wa kutisha.

"Subiri daktari," wifi akamkatiza. Akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, ya zamani ni mazuri zaidi, kweli. Yale nilikutengenezea baada ya kuharibu ya watu wengi. Haya ni ya kwanza. Fungua mdomo, nionyeshe panapobana."

Mama akafungua. Wifi akapapasa kwa kidole, akatikisa kichwa, akayatoa, akarudi kwenye kompyuta. Akaitafuta ile sehemu ya kushoto, akaigeuza huku na huku. Nikaona amekwama. Hakujua namna ya kupunguza ndani bila kupunguza nje, hata mtu kama mimi niliona hilo. Mkono ukabaki hewani. Alikuwa anatafuta, tena anatafuta, na jasho lilianza kumtoka puani.

Kisha wifi yangu, ambaye hajawahi kumwuliza mtu hata njia, akageuka na kumtazama yule binti.

"Mwalimu," akasema. "Hapa sijui. Nifundishe."

Binti akaruka kutoka kwenye kiti utadhani alikuwa anasubiri neno hilo mwezi mzima, na huenda ndivyo. Wakainama pamoja, vichwa vinagusana. Mama mkwe akakunja mikono kifuani na kuegemea nyuma, akafumba macho, kibogoyo, ametulia kabisa.

Daktari akainuka. Nilimfuata hadi mezani kwangu nikiwa tayari kumsihi, kumtukana, lolote litakalohitajika. Simu ikalia tena. Akaniambia niipokee.

Alikuwa mzee mmoja anataka meno ya chini, anauliza aje lini.

Nilifunika simu kwa kiganja. "Nimwambie meno anatengenezewa wapi?" nikauliza, na sauti yangu ilinitoka vibaya. "Hapa au karakana?"

Daktari alisikiliza kidogo kule nyuma, ambako wifi alikuwa akisema, "Ngoja, ngoja, usinifanyie, nionyeshe tu."

"Hapa," akasema. "Kwa fundi wetu."

Nikamwambia yule mzee aje Jumatatu. Akaniuliza mbona nalia, nikamwambia ni mafua tu baba, uje Jumatatu.